Je, wajua kwa nini Goku ana sauti ya kike Japani na ya kiume Meksiko?

Goku, shujaa wa katuni ya Kijapani Dragon Ball, ana kifua kama cha mchukuzi wa bandarini. Lakini ukimsikiliza kwa Kijapani, sauti ni nyembamba: ni ya Masako Nozawa, bibi aliyezaliwa 1936, anayemwigiza tangu katuni ianze kurushwa mwaka 1986. Ukimsikiliza kwa Kihispania cha Amerika ya Kilatini, anayeunguruma ni Mario Castañeda wa Meksiko.

Chanzo ni utoto wa Goku. Katuni inaanza akiwa mdogo, na Japani wavulana wa katuni mara nyingi huigizwa na wanawake, maana mvulana halisi akibalehe sauti inakuwa nzito, na katuni bado inaendelea. Goku alipokua, Wajapani wakabaki na Nozawa wao. Meksiko nao walianza na mwanamke, Laura Torres, ila Goku alipokuwa mtu mzima maikrofoni akakabidhiwa Castañeda.

Torres hakwenda mbali. Katika Dragon Ball Z, mwendelezo wa katuni hiyo, Goku ana mtoto, Gohan, na sauti ya Gohan mdogo akapewa yeye. Waliofuatilia tangu mwanzo wakawa wanausikia utoto wa baba kinywani mwa mwana. (Nozawa ndiye kiboko: Goku na wanawe wawili wote ni yeye, kwa hiyo wakibishana anajijibu mwenyewe.)

Kazi yenyewe ya kutia sauti kwa lugha nyingine ni ya kuvizia midomo. Mwigizaji anatazama picha huku akisikiliza sauti ya awali masikioni, na sentensi ya Kihispania hukatwa au kurefushwa hadi iishe pale mdomo uliochorwa unapofumba. Misemo ya mitaani ya Meksiko huchujwa, ili mtazamaji wa Chile au Peru naye aelewe.

Uhispania wana Goku wao, na pigo la Kamehameha, ule mwale anaoufyatua Goku mikononi huku akiita jina lake kwa sauti, waliliita “onda vital”, wimbi la uhai. Meksiko waliacha jina la Kijapani, na kwangu hapo walipatia: ile “haaa” ya mwisho inampa mwigizaji nafasi ya kupiga ukelele mpaka pumzi imwishie.

Castañeda ndiye pia sauti ya Kihispania ya mchekeshaji wa Hollywood Jim Carrey katika filamu nyingi. Dragon Ball Kai, toleo lililofupishwa, lilipotoka Meksiko Goku akiwa na sauti nyingine, mashabiki walilalamika kweli kweli. Mwaka 2013 ikaja filamu mpya ya sinema, na Castañeda akarudi.