Kondoo Wanono wa Sauli

Mfalme Sauli wa Israeli hakukataa kumtii Mungu. Tumezoea kumpanga na waasi, lakini ukiisoma 1 Samweli 15 polepole unakutana na mtu aliyekwenda vitani alikotumwa, akashinda, akamkuta nabii Samweli Gilgali na taarifa mdomoni: amri ya BWANA nimeitimiza. Anasema hivyo kabla hajaulizwa. Nyuma yake kondoo wanalia.

Ninafundisha Agano la Kale, na nikiulizwa kujiweka chini ya mamlaka ya Mungu kunaonekanaje siku ya kazi, siendi mlimani Moria, Abrahamu alikoambiwa amtoe mwanawe. Mtihani ule haumpati kila mtu. Wa Sauli unatupata Jumatatu asubuhi.

Amri ilikuwa kuangamiza kila kitu cha Waamaleki, pasipo kuchukua nyara. (Ni amri nzito, hata watoto wanyonyao wametajwa ndani yake, na mhubiri anayeipita mbio simwamini. Alipewa mfalme mmoja kwa vita moja; hakuna Mkristo aliyeirithi.) Mstari wa 9 unaeleza kilichofanyika: kilicho kibaya na hafifu kikaangamizwa, wanyama wanono wakaachwa hai pamoja na mfalme Agagi. Walitii pale ambapo kutii hakukuwagharimu kitu.

Samweli anapouliza kelele za mifugo zinatoka wapi, jibu liko tayari: watu wamewaacha walio wazuri ili wamtolee BWANA dhabihu. Hapa wasomaji wengi wanapitwa na jambo. Katika sadaka ya amani, kama Mambo ya Walawi 7 inavyoeleza, mafuta huteketezwa madhabahuni, kidari na paja la kulia ni vya makuhani, na nyama inayobaki wanaila walioleta mnyama pamoja na jamaa zao. Kama dhabihu yao ilikuwa ya namna hiyo, basi ilikuwa karamu pia. Mungu angepata mafuta, jeshi lingeshiba nyama, tena ya mifugo ambayo haikuwa yao kuigawa. Sidhani ni bahati tu kwamba Samweli, akisema kutii ni bora kuliko dhabihu, anataja mafuta ya beberu, fungu lile lile la madhabahuni.

Sasa njoo huku kwetu Tanzania, Nyanda za Juu Kusini, msimu wa viazi. Mnunuzi anafika shambani na magunia yake. Gunia likijaa halifungwi. Linaongezewa juu, linashonewa wavu na kamba, mpaka linasimama kama mzee aliyevaa kilemba. Ndiyo lumbesa. Mkulima analipwa gunia moja. Sheria ya vipimo inaikataza, na Walawi 19 ilishataka mizani za haki na vipimo vya haki karne nyingi kabla ya serikali yoyote tunayoijua. Mnunuzi huyo Jumapili analeta fungu la kumi la faida, amelipiga hesabu mpaka shilingi ya mwisho. Kanisa linapiga makofi.

Sisemi hana imani. Nadhani anapolia kwenye maombi analia kweli, na hiyo ndiyo sababu ugonjwa huu ni mgumu kuutibu: ibada yake ni ya kweli na imeketi juu ya viazi vya mtu mwingine. Nyumba nyingi za walokole zina lumbesa yake pia. Muulize dada wa kazi mshahara wa mwezi uliopita ulitoka lini, wakati mama mwenye nyumba alishachangia ujenzi wa kanisa.

Mfanyabiashara ukimbana anasema, "Mchungaji, ndivyo soko lilivyo, nikiacha mimi wenzangu watanimaliza." Sauli naye alipobanwa alisema aliwaogopa watu, akaitii sauti yao. Mfalme mzima! Kumbe alikuwa anatii muda wote, ila waliokuwa juu yake ni askari wake.

Kuna watumishi wanaoipenda sura hii kwa sababu nyingine. Wanasoma kutii, kisha wanajiweka wao mahali pa BWANA, na ukiuliza swali unaambiwa usimguse masihi, yaani mpakwa mafuta wa Bwana. Warudi nyuma sura tatu tu. Katika sura ya 12 Samweli anasimama mbele ya taifa zima na kuomba akaguliwe: nimetwaa ng'ombe wa nani, nimemdhulumu nani, rushwa nimeipokea kwa nani? Anaahidi kurudisha. Kiongozi asiyekubali swali hilo hana haki ya kuhubiri sura ya 15. Baada ya Shakahola, kule Kilifi nchini Kenya, ambako mhubiri anadaiwa kuwaambia wafuasi wake wafunge hadi kufa, na kuanzia mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ya watoto ikiwemo, sioni kwa nini tuendelee kulisema hili kwa kunong'ona. Petro na mitume waliposema imewapasa kumtii Mungu kuliko wanadamu, waliokuwa mbele yao walikuwa viongozi wa dini.

Kwa hiyo mtu wa viazi namwambia nini? Simwambii aongeze mfungo. Nampeleka Luka 19, kwa Zakayo mtoza ushuru, ambaye toba yake ilikuja na hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyenyang'anywa arudishiwe mara nne, kiwango ambacho Kutoka 22 inamtoza mwizi wa kondoo. Tunakaa na daftari lake. Msimu uliopita magunia mangapi, kila moja lilizidi debe ngapi, ya mashamba ya nani? Kazi hiyo inachosha kuliko mkesha.

Wapo wanaouliza kama kiasi hicho wanaweza kukileta madhabahuni kiwe sadaka ya shukrani. Hapana. Mkulima ana jina na ana namba ya simu. Atumiwe, na ada ya kutolea juu.