Umri wa baba na kasoro za kuzaliwa: acheni kumpima mama peke yake

Je, umri wa baba unahusika kweli?

Unahusika. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote. Mwanamume hutengeneza mbegu tangu balehe hadi uzeeni. Seli zinazozaa mbegu hizo hugawanyika takriban mara 23 kwa mwaka, na kila mara vinasaba hunakiliwa upya. Anayenakili sana hukosea. Makosa hayo ndiyo mtoto anayoyarithi.

Mbona wazee wa miaka 70 wanazaa?

Wanazaa, ndiyo. Lakini nguvu za kiume si kipimo cha ubora wa mbegu. Mwanaume anaweza kuwa imara kitandani na vinasaba vyake vimechakaa.

Ni kasoro zipi hasa?

Inayojulikana zaidi ni akondroplasia: mikono na miguu mifupi, kichwa kikubwa. Wengi wenye hali hii wamezaliwa na wazazi wa kimo cha kawaida. Usonji na skizofrenia (ugonjwa wa akili) nazo huongezeka kidogo. Nasema kidogo: wengi wa watoto wa baba wenye miaka 50 huzaliwa wazima.

Basi kosa ni la mke?

La! Mwezi uliopita baba wa miaka 52 alisimama mlangoni, funguo za gari zikining'inia kidoleni, hataki hata kukaa. "Mimi ni mzima, daktari. Mpime mama yake." Mtoto alikuwa na akondroplasia. Badiliko jipya la vinasaba linaloleta hali hiyo hutoka kwenye mbegu ya baba, karibu kila mara. Narudia: kwa baba. Mama alikuwa amelia wiki tatu akidhani ni chakula alichokula. Hata hivyo si kosa la baba pia, hakuna aliyechagua. Kosa ni kumwachia mwenzio lawama na kutoroka kipimo.

Nifanye nini kabla ya kutafuta mtoto?

Njoo na mkeo, mapema. Acha sigara angalau miezi mitatu kabla, maana mbegu huchukua takriban miezi miwili na nusu kukomaa. Hilo halirudishi umri nyuma, ila linapunguza madhara mengine. Na sindano za testosteroni (homoni ya kiume) za kujitafutia ujana ziacheni, jamani. Zinazima utengenezaji wa mbegu!

Tukihangaika kupata mimba, tusubiri muda gani?

Mwaka mmoja. Mke akiwa na miaka 35 au zaidi, miezi sita. Na kipimo cha mbegu kifanyike mwanzoni, si baada ya mke kupitishwa kwenye mashine zote. Ni kikombe kimoja tu, baada ya siku mbili hadi saba bila kutoa mbegu.