Bakteria wanaong'oa klorini: kila kimeng'enya na sumu yake

Udongo wa Vikuge, karibu na Kibaha nchini Tanzania, hutajwa sana panapozungumzwa viuatilifu vilivyotelekezwa. Humo zilikutwa DDT na HCH, kemikali za viuatilifu zenye klorini. Watu huuliza: si mmwage tu bakteria, waile sumu hiyo iishe? Pengine, lakini sumu ipi?

Kemikali hizi hudumu kwa sababu ya klorini iliyoshikamana na kaboni. Kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) cha kuing'oa kilichochunguzwa kwa undani ni DhlA, cha bakteria Xanthobacter autotrophicus GJ10 waliopatikana Uholanzi. Chakula chake ni 1,2-dikloroethani, malighafi ya plastiki ya PVC. Ni protini ya asidi amino (vijenzi vya protini) 310, ina kiini na kifuniko, na baina yake kuna kijishimo. Molekuli ikiingia humo, asidi amino iitwayo aspartati, iliyo nafasi ya 124, huivamia kaboni na klorini hubanduka. Asidi amino nyingine mbili, triptofani, huidaka klorini hiyo. Kisha histidini, asidi amino nyingine, huichochea molekuli ya maji ikate kiungo kilichobaki, na alkoholi hutoka. Kung'oa klorini si hatua ya polepole. Kinachochelewesha kazi ni kuitoa nje, maana kifuniko hakina budi kusogea kwanza. Ule mfano wa shuleni wa kufuli na ufunguo, kwamba molekuli hukiingia kimeng'enya kama ufunguo kwenye kufuli, hauelezi hilo.

Kijishimo cha DhlA ni chembamba mno kwa HCH. Hiyo huachiwa LinB ya bakteria wa jamii ya Sphingobium, inayofanana na DhlA kwa umbo lakini yenye nafasi pana zaidi.

HCH nayo si kitu kimoja: ina aina kadhaa, zenye atomi zilezile zilizopangwa tofauti. Inayoua wadudu ni gama, yaani lindani. Nyingine ni taka za kiwandani, na beta ndiyo sugu kuliko zote. Kimeng'enya kingine, LinA, huifungua gama kwa kuondoa klorini na hidrojeni zilizosimama pande kinyume kwenye kaboni jirani. Katika beta klorini zote sita zimelala ubavuni mwa mzingo wa kaboni, kwa hiyo LinA haipati pa kushika. LinB huiweza, ila si kila LinB. Ile ya UT26, bakteria wa Japani, hung'oa klorini moja ikaishia hapo. Ile ya B90A wa India huendelea hadi ya pili. Tofauti yao ni asidi amino chache tu kati ya 296!

Ndiyo maana chupa iliyoandikwa "bakteria wa kusafisha sumu" bila kutaja sumu yenyewe hatuipendekezi. Udongo upimwe kwanza maabara, ijulikane ni HCH ya aina gani na kiasi gani. Pakiwa na DDT pia, kazi moja haitatosha: DDT huanza kupoteza klorini hasa mahali pasipo na oksijeni, ilhali Sphingobium huhitaji hewa. Udongo uliolowekwa maji kwa ajili ya DDT utawazuia hao wa HCH, kwa hiyo hatua hizo mbili hupangwa kwa zamu.