Kwa nini programu ya nasaba humtenga mtoto wa Tabora na baba yake?

Chukua mfano wa familia moja ya Tabora. Babu ni mzee Kulwa, mwanawe ni Juma Kulwa, mjukuu ni Ramadhani Juma, kitukuu ni Hadija Ramadhani. Waingize kwenye programu ya nasaba, chapa kitabu cha ukoo, kisha fungua faharasa ya majina mwishoni. Juma utamkuta kwenye K, Ramadhani kwenye J, Hadija kwenye R. Damu moja, lakini kitabu kinawaonyesha kama koo tatu, na hakuna jina lililokosewa hata herufi.

Chanzo ni muundo wa faili uitwao GEDCOM, ambao programu nyingi za nasaba huutumia kubadilishana taarifa. Ulitengenezwa Marekani na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ukatolewa mwaka 1984. Humo jina la ukoo hufungwa kati ya mikwaju miwili, John /Smith/, na faharasa hupangwa kwa kilichomo kati ya mikwaju hiyo. Kwa Mwingereza inafaa, maana Smith huzaa Smith. Kwetu jina la pili ni la baba na la tatu ni la babu. Linajibu swali la "mtoto wa nani?", na kila kizazi jibu hubadilika.

Tazama jina la Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, ambaye baba yake aliishi Tabora na kumwoa binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Aliitwa Hamad bin Muhammad bin Juma bin Rajab el Murjebi. Ndani ya mikwaju inastahili kuingia el Murjebi peke yake. Tippu Tip huenda kwenye nafasi ya jina la utani. Ukiiachia programu ihesabu "bin" kuwa mwanzo wa jina la ukoo, nusu ya Ujiji itarundikana kwenye herufi B.

Mirambo naye, mtemi wa Wanyamwezi aliyefariki mwaka 1884, jina lake lilikuwa Mtyela Kasanda. GEDCOM inaruhusu mtu mmoja awe na majina kadhaa, kwa hiyo yaandike yote, kisha chagua Mirambo lionekane kwenye mti, kwa kuwa ndilo watu watakalolitafuta.

Kwa familia kama ya mzee Kulwa, ushauri wangu ni huu: acha nafasi ya jina la ukoo wazi. Usimtie baba humo ili tu kisanduku kijae. Gramps, programu ya bure, inakuwezesha kulitambulisha jina la pili kuwa ni la baba, na kujipangia mwenyewe namna majina yatakavyoonekana. Panga faharasa kwa jina la kwanza, kama Waaislandi walivyokuwa wakifanya kwenye kitabu chao cha simu, maana wao pia hubeba jina la mzazi. Ila kama ukoo wako una jina linaloshuka kweli, kama Fundikira lilivyoshuka hadi kwa Abdallah Fundikira aliyekuwa Waziri wa Sheria, liweke kwenye mikwaju bila wasiwasi.

Kuna programu zinazoweza kumwonyesha mke kwa jina la mumewe. Zima mpangilio huo. Zuhura binti Juma huolewa na kubaki binti Juma, na ukimpa jina la mume umemfuta kwao.

Kupanga kwa jina la kwanza kuna tatizo lake, na Unyamwezini utakutana nalo mapema: kila palipozaliwa pacha pana Kulwa na Doto, na anayewafuata ni Shija. Faharasa itakuwa na safu ndefu ya Kulwa watupu. Kwa hiyo weka muundo wa kuonyesha jina la mtu, la baba, la babu, na mwaka wa kuzaliwa. Kabla ya kuchapa kitabu kizima, chapa ukurasa wa K peke yake umpe shangazi mkubwa ausome. Akimtambua kila Kulwa bila kukuuliza, endelea na kurasa zilizobaki.