Eti uhalifu Marekani unapanda kila mwaka?
Kuna hii imani haifi kule Marekani, kwamba uhalifu unapanda kila mwaka na wa kulaumiwa ni mwendesha mashtaka wa kaunti, DA, eti anaachia wahalifu. Gallup, kampuni ya kura za maoni, wanawauliza watu tangu miaka ya 90 na karibu kila mara wengi wanajibu umeongezeka, wakati takwimu za FBI zinaonyesha uhalifu wa kutumia nguvu umeshuka karibu nusu tangu 1993. Kuna miaka ulipanda kweli, mauaji 2020 yaliruka kama asilimia 30, ila baadaye yakashuka. Cha kuchekesha ukiwauliza mtaani kwao wengi wanasema aah huku si mbaya sana, ubaya uko kwingine, kule kwenye tivii.

Sasa huyo DA, majimbo mengi anapigiwa kura kwa hiyo ni rahisi kumbebesha kila kitu, lakini yeye hapangi doria, faili kwa kawaida linamfikia baada ya polisi kukamata mtu, na kesi nyingi za wizi hakamatwi yeyote, hapo amshtaki nani? Hata dhamana anaamua hakimu, DA anaomba tu.