Kama unajisikia mzima, wewe ndiye ninayekutafuta

"Daktari, mimi sili ovyo, sinywi pombe, sivuti, na mazoezi nafanya siku tano kwa wiki. Siumwi popote. Sasa nipimwe nini?"

Juzi nimeyasikia tena maneno haya, safari hii kutoka kwa mama wa miaka 41 aliyemsindikiza mdogo wake kliniki. Amekaa kwenye benchi, raba za kukimbilia miguuni, chupa ya maji mkononi, na mlango wake wa kizazi haujawahi kuchunguzwa hata mara moja. Hakuwa anabisha. Aliuliza kwa dhati, nami nikamjibu kwa dakika nne nilizokuwa nazo kabla mgonjwa mwingine hajaitwa. Dakika nne hazitoshi. Jibu lote naliandika hapa, na nikiulizwa tena nitamwelekeza mtu aje asome.

Kinachoniumiza ni kwamba wanaosema hivi ni watu makini. Mzembe hanipi shida ya namna hii. Anajua anajikosea, na ukimbana kidogo anakuja. Lakini huyu aliyepunguza sukari, akaacha pombe, akawa anaamka alfajiri kukimbia, anaona ameshamaliza kila anachodaiwa na mwili wake. Bidii ileile ndiyo inayomzuia kuja.

Kuhusu chakula na mazoezi nitapita haraka, maana haya mnayajua. Unene uliokithiri unahusishwa na aina 13 za saratani, ikiwemo ya matiti baada ya kukoma hedhi, ya utumbo mpana na ya mji wa mimba. Pombe inasababisha saratani. Nyama za kusindika ziliwekwa mwaka 2015 na IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, katika kundi la vitu ambavyo ushahidi kwamba vinasababisha saratani kwa binadamu umetosha. Gramu 50 kila siku zinaongeza uwezekano wa saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Tembea, cheza, beba, lima, upendavyo, ilmradi ufikishe walau dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokufanya uhemee kidogo. Tumbaku acha kabisa. Basi.

Sasa lirudie lile neno "uwezekano". Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kati ya asilimia 30 na 50 ya saratani zinaweza kuzuilika kwa mambo tunayoyajua leo. Kila mtu ameishika sehemu hiyo ya habari. Iliyobaki, yaani nusu au zaidi, hakuna anayeitaja. Seli za mwili zinagawanyika kila siku, kila zinapogawanyika zinanakili maelezo yao upya, na mara nyingine zinakosea kunakili. Mtu anayeishi vizuri sana anapunguza makosa hayo. Hayafuti. Nimewahudumia wakimbiaji, nimewahudumia watu ambao hawajawahi kugusa nyama maishani, na wote walikuwa na haki ya kushangaa walipopewa majibu.

Na kabla hujaniuliza kuhusu vidonge vya virutubisho: Finland walijaribu. Wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 waligawanywa makundi, wengine wakapewa beta-karotini, ile inayoipa karoti rangi yake, kwa matumaini kwamba itapunguza saratani ya mapafu. Matokeo yalitoka mwaka 1994. Waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiomeza. Kula karoti yenyewe.

Turudi kwa mama wa raba. Saratani ya mlango wa kizazi, karibu yote, inasababishwa na virusi vya HPV. Mwanasayansi Mjerumani, Harald zur Hausen, alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2008 kwa kuligundua hilo. Vinaambukizwa kwa kujamiiana, na watu wengi hukutana navyo wakati fulani bila kujua. Hakuna aibu hapo, na mwenye mpenzi mmoja tu maisha yake yote anaweza kuvipata. Kwa walio wengi mwili huvifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache vinabaki, hasa aina ya 16 na ya 18, na aina hizo mbili tu zinabeba takriban asilimia 70 ya saratani hizi. Vikikaa, vinaanza kubadilisha seli. Kutoka hapo hadi saratani yenyewe kwa kawaida ni miaka 15 hadi 20, na kwa mwanamke mwenye VVU asiyetumia dawa inaweza kuwa 5 hadi 10 tu.

Miaka yote hiyo hutahisi chochote. Hapa ndipo wengi hawaniamini, kwa hiyo nieleze sababu. Mabadiliko ya awali yanakaa ndani ya utando wa juu wa mlango wa kizazi, na utando huo hauna mishipa ya damu ndani yake. Pasipo mshipa, damu itoke wapi? Maumivu hakuna. Uchafu wenye harufu hakuna. Damu baada ya tendo la ndoa, maji maji yasiyokatika, maumivu ya kiuno, hayo yanakuja pale seli zilipokwisha kuutoboa utando na kuzama chini, yaani pale ambapo kazi yangu ya kuzuia imeshapitwa.

Laiti ningeweza kukuonyesha ninachokiona mimi. Spekula, kile kifaa cha kufungulia uke, imeingia, taa imewashwa, na mbele yangu ni mlango wa kizazi wa rangi ya waridi, laini, unang'aa kwa unyevunyevu. Ukiniuliza wakati huo nitasema ni mzima kabisa. Nachovya pamba kwenye asidi ya siki iliyozimuliwa, naipaka taratibu, naangalia saa. Dakika moja. Kwa wanawake wengi hakitokei kitu. Lakini kwa mwingine, pembeni mwa kile kitundu cha katikati, inaanza kujichora baka nyeupe, kwanza kama mvuke kwenye kioo, halafu inakolea, kingo zake zinakuwa kali kama za ramani. Asidi imegandisha protini za seli zilizobadilika, ambazo zimesongamana kuliko seli za kawaida, na mwanga hauzipenyi tena. Mwenye baka hilo amelala pale ananisimulia habari za mtoto wake anayeanza shule. Hana habari. Mara nyingi natibu palepale, kwa kugandisha sehemu hiyo kwa baridi kali au kuichoma kwa joto, anavaa, anaondoka kwa miguu yake.

Na sasa jambo linalonichosha kuliko yote, nalo ni hili neno "kupima". Tunalitumia kwa vitu viwili vilivyo mbali kabisa.

Kuna kumchunguza mtu asiye na dalili. Huyu ndiye ninayemtafuta. Uchunguzi wa namna hii umetengenezwa kwa ajili ya watu wazima wa afya, umepimwa kwa watu wazima wa afya, na faida yake inaonekana kwao. Kusema "sina dalili, kwa hiyo sihitaji uchunguzi" ni kutaja sifa ya kwanza ya kuhitaji uchunguzi, kisha kuigeuza kuwa kinga.

Halafu kuna kumpima mtu mwenye dalili. Huyu ana uvimbe titini, au choo chake kimebadilika wiki kadhaa na kina damu, au anapungua uzito bila kutaka. Huyu hahitaji uchunguzi wangu. Anahitaji kutafutiwa ugonjwa, leo, kwa vipimo vya kina, pengine kukatwa kinyama kikaangaliwe maabara. Kosa la upande huu linaua pia. Mwanamke anatokwa damu baada ya tendo la ndoa miezi minne, anatulia kwa sababu mwaka jana alichunguzwa akaambiwa yuko salama. Majibu ya mwaka jana yalikuwa ya mwanamke asiye na dalili. Leo ana dalili, na majibu yale hayamhusu tena. Tafadhali, ukitoka kwenye maelezo yangu yote na kitu kimoja, kiwe hiki.

Ndugu wa imani hiyo ni "nilipima damu yote, wakaniambia sina saratani". Hakuna kipimo cha damu cha kawaida kinachoweza kusema hivyo. Chukua CA-125, ambacho huuzwa sana ndani ya vifurushi vya "uchunguzi wa mwili mzima". Kinapanda kwa saratani ya ovari, ndiyo. Kinapanda pia wakati wa hedhi, wakati wa ujauzito, na kwa mwenye endometriosisi, yaani utando wa ndani ya mji wa mimba unapoota nje yake. Na saratani ikiwa bado changa kinaweza kisipande kabisa. Kinatusaidia kumfuatilia mgonjwa anayejulikana. Kumpima nacho mwanamke mzima ni kumtisha bure au kumtuliza bure.

Uchunguzi wenye ushahidi mzuri ni wa viungo vichache. Mlango wa kizazi: Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2021 linapendekeza kipimo cha HPV kuanzia miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10, na kwa wenye VVU kuanzia 25, kila miaka 3 hadi 5. Sampuli unaweza kujichukulia mwenyewe kwa kijiti cha pamba, hivyo anayeogopa spekula hana pa kujificha. Aliyepata chanjo ya HPV bado anachunguzwa, maana chanjo haigusi aina zote. Utumbo mpana: kipimo cha damu isiyoonekana kwenye choo, au kamera inayoingizwa utumboni; Marekani walishusha umri wa kuanza kutoka 50 hadi 45 mwaka 2021. Huu naupenda kwa sababu kamera ikikuta kinyama kinachoota inakiondoa hapohapo, na kinyama cha namna hiyo huchukua kama miaka 10 kugeuka saratani. Matiti: picha ya mamografia. Mapafu: skani ya mionzi midogo kwa waliovuta sana kwa miaka mingi, na bado lazima waache kuvuta. Ukiwa na mama, dada au baba aliyeugua mapema, usisubiri umri wa wengine, nenda ukaseme.

Orodha fupi hivyo inawakera watu. Wanataka kila kiungo kipigwe picha. Nawaelewa, ila Korea Kusini ilitufundisha kwa gharama kubwa. Watu wazima wa afya walianza kupigwa ultrasaundi ya tezi ya shingo kwa wingi, na kufikia mwaka 2011 saratani ya tezi iliyogunduliwa ilikuwa mara 15 ya ile ya mwaka 1993. Vifo havikupungua. Vivimbe vingi vilivyokutwa havingewasumbua wenye navyo hadi kufa kwao kwa mambo mengine, lakini wengi wao walikatwa tezi na sasa wanameza kidonge kila siku.

Kwa sababu hiyo sitakuficha wasiwasi wangu kuhusu kazi yangu mwenyewe. Kile kipimo cha siki kinategemea jicho. Mimi na mwenzangu tunaweza kuangalia baka moja, mimi nikasema tutibu, yeye akasema ni uvimbe wa kawaida tu, na wote tuna uzoefu. Kwa mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi ile sehemu ninayotaka kuiona huwa imeingia ndani, siioni vizuri, na kumwambia "uko salama" kwa siki peke yake ni kumdanganya. Tena mabadiliko ya kiwango cha kati, karibu nusu yake hurudi yenyewe kuwa ya kawaida ndani ya miaka miwili. Nikitibu, najua nimewatibu baadhi ambao wangepona bila mimi. Siwezi kuwatofautisha nikiwa nimekaa pale na taa yangu, hasa ninapojua mgonjwa huenda asirudi tena. Kwa msichana ambaye bado anataka kuzaa nafikiri mara mbili kabla ya kukata, kwa sababu kukata sehemu kubwa ya mlango wa kizazi kunaweza kuleta uchungu kabla ya wakati.

Tezi dume ni vilevile, pengine zaidi. PSA, kipimo chake cha damu, inapanda kwa saratani, kwa tezi iliyokua tu kwa umri, kwa maambukizi. Wapo waliookolewa nayo, na wapo waliofanyiwa upasuaji wa saratani iliyokuwa imelala wakabaki hawazuii mkojo. Baba akiniuliza, simwambii "pima" wala "usipime". Nakaa naye tuongee kwanza.

Hata kujikagua matiti kila mwezi, ambako tulikufundisha kwa miaka: huko Shanghai wanawake zaidi ya 266,000 walifuatiliwa, nusu wakifundishwa kujikagua. Vifo havikupungua kwa waliofundishwa. Waliongezeka tu waliokatwa vinyama visivyo saratani. Siku hizi nasema lijue titi lako lilivyo, na likibadilika njoo. Ratiba ya mwezi sikupi.

Mama wa raba aliingia baada ya mdogo wake. Sampuli zao zote mbili zilirudi bila HPV. Mdogo wake hafanyi mazoezi yoyote. "Unaona?" akaniambia dada mtu, anacheka. "Nilikuambia mimi ni mzima."

Nikamwambia nimefurahi sana, aendelee kukimbia, kisha nikachukua kadi yake na kuandika tarehe ya kurudi, miaka mitano kutoka siku ile.