Waliochora mabango ya sarakasi walijua kuchora

Mteja akileta bango la zamani la turubai la maonyesho ya sarakasi ya Marekani litengenezwe, hakosi kusema: wachoraji hawa hawakusomea uchoraji, ona vidole vilivyo vinene, ona rangi zinavyogombana. Kauli hii inachosha, na si kweli.

Fred G. Johnson alichora mabango haya Chicago, miaka kama 40 akiwa na kampuni ya mahema ya O. Henry. Mkono wake ulikuwa mwepesi na wa uhakika. Ila kazi yake haikuwa ya kutundikwa sebuleni. Iliwekwa kwenye safu ndefu mbele ya hema, bango kwa bango, mengi yakiwa na kimo cha meta mbili na nusu hadi tatu, na chini yake mpiga debe jukwaani akiita watu. Aliyepita alikuwa na watoto wanaomvuta na vibanda vingine vya kutazama. Bango lilipewa sekunde chache tu limsimamishe.

Ndiyo maana kuna mtu mmoja mkubwa, tendo moja, na maneno mawili matatu juu. Pembeni huwekwa duara lenye neno ALIVE, ili mnunuzi wa tiketi ajue ndani kuna kiumbe hai, si sanamu wala kitu kilichohifadhiwa kwenye chupa. Mstari mweusi mnene hutenga mwili na mandhari ya nyuma. Uondoe, kisha rudi nyuma hatua ishirini: nyekundu na rangi ya chungwa zimeshachanganyika. Vidole vyembamba navyo havionekani kabisa.

Hata upakaji ulikuwa na sababu. Turubai jepesi la pamba liliwambwa ukutani, likaloweshwa maji ili mafuta yasizame mno, likachorwa kwa mkaa, ndipo ikaja rangi nyeupe ya madini ya risasi, mafuta ya kitani yaliyochemshwa na benzini. Tabaka lilikuwa jembamba kwa kuwa bango lilishushwa, likaviringishwa na kupandishwa tena mji baada ya mji. Rangi nene ingepasuka na kubanduka safari ikiwa bado changa. Wanaoita huo ubahili wa rangi wajaribu kuviringisha turubai lililopakwa kama ukuta.

Unayeagiza bango jipya, tafadhali usilete aya nzima ya maneno. Chora wazo lako kwa kalamu nyeusi kwenye karatasi ya ukubwa wa kiganja, libandike ukutani, simama hatua tano nyuma. Usipolielewa hapo, rangi haitaliokoa.

Wengine husema Barnum, mfanyabiashara wa maonyesho wa Marekani, ndiye aliyeanzisha mabango haya. Jumba lake la makumbusho la New York alilinunua 1841, na kweli lilijaa picha kwenye kuta za nje. Lakini mchoro wa Hogarth, mchoraji Mwingereza, wa gulio la Southwark, wa miaka ya 1730, tayari unaonyesha vitambaa vilivyochorwa vikining'inia juu ya vibanda vya London.

Kwamba kila picha ni sura ya msanii fulani wa maonyesho? Mara nyingi sivyo. Mwenye maonyesho aliweza kuagiza mmeza panga au mwanamke mnene yeyote, bila jina, ili msanii akihama bango libaki na kazi.

Halafu hili la nyufa kuwa ushahidi wa umri. Nyufa zaweza kutokana na turubai kukunjwa tu, au rangi kuwa nene. Bango la juzi likikunjwa kama shuka litapasuka vilevile. Liviringishe kwenye bomba pana, upande wa rangi ukiwa nje, na karatasi isiyo na asidi katikati. Usiligundishe kwenye plaiwudi: mbao na pamba havitanuki sawasawa unyevu ukibadilika, na gundi ikishashika ni vigumu kuitoa bila kung'oa rangi. Msasa mkavu usiuguse kabisa, kwa sababu vumbi la rangi ile lina risasi, na risasi ni sumu, kwa watoto zaidi.